Mashine Ikilia, Nani Anasikia?

Somo kwa kamati za parokia na wahisani kuhusu kufuatilia moyo wa mgonjwa aliyelazwa



Miongoni mwa maombi yanayoletwa mara kwa mara na hospitali na vituo vya afya vya kanisa ni mashine ya kufuatilia moyo wa mgonjwa, ile ambayo wengi wetu huiita monita. Ni ombi zuri, na mara nyingi ni la haki. Hata hivyo, kabla ya kutoa fedha ni vema tuelewe mashine hiyo inafanya nini, haiwezi kufanya nini, na inahitaji nini ili iokoe maisha. Hilo ndilo somo letu la robo hii.

Naomba nianze na jambo lililotupata sisi wenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita kamati niliyokuwa mjumbe wake ilichangisha fedha za kununua monita moja kwa ajili ya wodi ya wanawake katika hospitali ambayo sitaitaja. Tuliuza mazao ya sadaka ya mavuno, jumuiya ndogondogo zikachanga, na rafiki zetu wa nje wakamalizia kilichopungua. Siku ya kukabidhi tulipiga picha. Miezi kumi na moja baadaye tulirudi, tukaikuta imefunikwa kitenge kwenye kona.

Muuguzi wa zamu alitueleza bila kuficha. Vibandiko vya kifuani vilivyokuja na mashine viliisha mwezi wa pili. Wakawa wanatumia kibandiko kimoja kwa siku nyingi, wakikishikiza kwa plasta. Mashine ikawa inalia usiku kucha bila sababu, hadi kila mtu pale wodini akajua kitufe cha kuinyamazisha.

Usiku mmoja ililia kwa sababu. Kitandani alikuwapo bibi mmoja mwenye ugonjwa wa moyo. Muuguzi alikuwa peke yake, na saa ile alikuwa ameitwa kumsaidia mama aliyekuwa anajifungua. Binti wa yule bibi, aliyekuwa anamuuguza, alibonyeza kitufe kama alivyoona wenzake wakifanya, ili wagonjwa wengine walale. Alfajiri mama yake alikuwa ameshafariki.

Daktari alituambia kwamba huenda asingepona hata kama wangemwahi. Lakini hakuna aliyepata nafasi ya kujaribu. Kosa halikuwa la yule binti. Sehemu kubwa ilikuwa yetu sisi tuliotoa mashine, tukapiga picha, tukaondoka.

1. Mashine inasikiliza nini?

Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Kwa siku nzima ni kama mara laki moja. Kila pigo huanzishwa na umeme mdogo sana unaotoka katika sehemu ya juu ya moyo, upande wa kulia. Umeme huo husambaa kwenye misuli ya moyo, nayo hukaza na kusukuma damu. Kiasi kidogo cha umeme huo hufika hadi kwenye ngozi, na hicho ndicho kinachonaswa na vibandiko vya kifuani.

Baadhi ya wagonjwa huogopa nyaya hizo wakidhani zinawatia umeme. Tuwaeleze kwamba kazi ya vibandiko vya kifuani ni kusikiliza tu. Umeme unaooneshwa kwenye kioo ni wa moyo wao wenyewe.

Kwa kawaida kioo huonesha mstari wa mapigo, idadi ya mapigo kwa dakika, kiasi cha oksijeni katika damu kinachopimwa kidoleni na, kwa mashine nyingi, presha na kasi ya kupumua. Mstari huo ndio unaomwambia muuguzi kama moyo unapiga polepole mno, haraka mno au bila mpangilio.

Hatari moja ina uharaka kuliko nyingine. Vyumba vya chini vya moyo vinaweza kuacha kupiga na kuanza kutetemeka ovyo. Hapo damu haisukumwi. Mgonjwa huzimia ndani ya sekunde chache, na ubongo huanza kuharibika baada ya dakika 4 hadi 6 hivi. Kinachotakiwa ni mtu kuanza kukandamiza kifua papo hapo, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na mwingine kuleta mashine ya kushtua moyo. Kila dakika inayopita bila msaada huo, nafasi ya kupona hupungua kwa takriban asilimia 7 hadi 10.

Ukizingatia hesabu hiyo utaona kwamba mashine inayolia mahali pasipo na mtu inatangaza msiba tu.

2. Tumefikaje hapa?

Mashine ya kwanza iliyoweza kuandika umeme wa moyo kwa usahihi ilitengenezwa na Willem Einthoven, daktari na mwalimu wa Chuo Kikuu cha Leiden nchini Uholanzi, ambaye aliitangaza mwaka 1901. Ilikuwa na uzito wa karibu kilo 270 na ilihitaji watu watano kuiendesha. Mgonjwa alikaa huku mikono na mguu wake vimetumbukizwa katika vyombo vya maji ya chumvi. Kwa kuwa mashine haikuweza kupelekwa hospitalini, mwaka 1905 Einthoven alitumia waya wa simu kuleta mapigo ya moyo wa mgonjwa kutoka hospitali hadi maabara yake, umbali wa kilomita moja na nusu. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1924.

Kwa miaka mingi baada ya hapo kipimo hicho, ambacho hospitalini hujulikana kama ECG, kilipigwa mara moja na kuwekwa kwenye faili. Kilionesha hali ya moyo kwa dakika ile tu. Mgonjwa wa shambulio la moyo alilazwa wodini pamoja na wengine na kuambiwa apumzike. Katika hospitali za Ulaya na Marekani, karibu wagonjwa 3 kati ya 10 wa aina hiyo walifia hospitalini. Wengi walikufa ghafla, na mara nyingi waligunduliwa wakati muuguzi anapita na dawa.

Mwaka 1961 daktari kijana aliyeitwa Desmond Julian, akifanya kazi Edinburgh huko Uskoti, alipendekeza njia nyingine. Aliona kwamba vifo vingi vya ghafla vinaweza kuzuilika iwapo mambo manne yatakuwapo kwa pamoja:

- Moyo wa mgonjwa ufuatiliwe muda wote kwa mashine yenye kengele.
- Vifaa na ujuzi wa kuufufua moyo uliosimama viwe tayari, pamoja na mashine ya kushtua moyo.
- Wagonjwa hao walazwe sehemu moja, karibu na dawa, vifaa na watu waliofunzwa.
- Wauguzi waliofunzwa waruhusiwe kuanza kumhudumia mgonjwa hata kama daktari hayupo.

Mwaka uliofuata, 1962, Dk. Hughes Day alifungua wodi ya namna hiyo katika Hospitali ya Bethany, mjini Kansas City, Marekani. Huko Philadelphia, Dk. Lawrence Meltzer na muuguzi Rose Pinneo walishughulikia hasa jambo la nne. Waliwafundisha wauguzi kusoma mstari wa moyo kwenye kioo na kutumia mashine ya kushtua bila kusubiri daktari. Kwa wakati ule lilikuwa jambo la kushangaza, kwa sababu kazi hiyo ilihesabiwa kuwa ya madaktari peke yao. Hospitali zilipofuata njia hiyo, vifo vya wagonjwa wa shambulio la moyo waliolazwa vilipungua kwa karibu nusu.

Tutazame tena orodha ya Julian. Mashine ni jambo moja tu kati ya manne. Kamati yetu ilinunua hilo moja, ikadhani imenunua yote.

3. Kengele zikizidi, masikio huchoka

Tusidhani kwamba tatizo la kengele ni la hospitali maskini. Mwezi Aprili 2013, Joint Commission, chombo kinachokagua ubora wa hospitali nchini Marekani, kilitoa tahadhari kwa hospitali zote. Kilieleza kwamba kati ya Januari 2009 na Juni 2012 kilikuwa kimepokea taarifa za matukio 98 yaliyohusu kengele za mashine, na wagonjwa 80 kati ya hao walifariki. Aidha, kilieleza kwamba kati ya asilimia 85 na 99 ya kengele hazihitaji hatua yoyote ya kitabibu. Mgonjwa amejigeuza, waya umelegea, kibandiko kimekauka.

Sikio la binadamu likisikia kengele mia moja za bure, ya mia na moja halitaishtukia. Huo si uzembe. Ndivyo tulivyoumbwa, na ndiyo maana mtu anayekaa karibu na reli hulala fofofo treni ikipita.

Suluhisho mara nyingi ni dogo na la bei nafuu. Katika Hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, wauguzi wa wodi mbili walijaribu kubadili vibandiko vya kifuani kila siku. Kengele kwa kila kitanda zilipungua kwa asilimia 46. Yaani kifaa kidogo kinachotupwa baada ya siku moja ndicho kilichorudisha heshima ya kengele. Ndicho hasa kilichokosekana kwenye bajeti yetu.

Mambo mengine yanayosaidia ni haya:

- Ngozi ioshwe kwa sabuni na maji na ikaushwe vizuri kabla ya kubandika. Nywele nyingi za kifuani zinyolewe.
- Pakiti ya vibandiko ikifunguliwa itunzwe imefungwa, kwani ute wake hukauka, hasa maeneo ya joto.
- Viwango vya kengele vipangwe kulingana na mgonjwa. Moyo wa mtoto mchanga hupiga haraka kuliko wa mtu mzima, kwa hiyo kiwango cha mtu mzima kitalia bila kukoma.
- Mashine ipewe mgonjwa anayeihitaji. Asiyeihitaji aondolewe.

4. Maswali ya kuuliza kabla ya kununua au kupokea mashine

Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 na Perry na Malkin ulikusanya taarifa za vifaa tiba zaidi ya 112,000 katika nchi 16 zenye uwezo mdogo. Ulibaini kwamba karibu asilimia 40 ya vifaa hivyo vilikuwa havifanyi kazi. Sababu kubwa zilikuwa ukosefu wa mafunzo, usimamizi hafifu wa vifaa, na miundombinu isiyofaa. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa misaada ya vifaa tiba, nao unasisitiza kwamba mpokeaji ashirikishwe tangu mwanzo. Kwa hiyo kamati iende hospitalini, ikae na mganga mfawidhi, muuguzi mkuu na fundi wa vifaa tiba, iulize yafuatayo:

*Nani atakuwa anaitazama saa nane usiku?* Kama zamu ya usiku ina muuguzi mmoja kwa wodi mbili, jibu linajulikana. Mashine iwekwe karibu na meza ya wauguzi, mahali inapoonekana na kusikika.

*Mashine ya kushtua moyo ipo? Oksijeni ipo? Dawa za dharura zipo?* Kama hazipo, monita itatuonesha tatizo tusiloweza kulishughulikia. Huenda vitu hivyo vikatangulia.

*Vibandiko, nyaya na vifaa vya kidoleni vitanunuliwa wapi, na kwa fedha ipi?* Bajeti ya kwanza ijumuishe matumizi ya mwaka mzima, na hospitali ieleze itakavyoendelea mwaka wa pili. Aliyekubali kuzaa akubali na kulea.

*Umeme ukoje?* Mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani inaweza kuwa ya volti 110 hadi 120, wakati kwetu umeme ni wa volti 230 au 240. Iulizwe mapema kama inakubali zote. Betri yake inakaa muda gani umeme ukikatika? Kuna kifaa cha kuilinda umeme ukipanda na kushuka?

*Rangi za nyaya ni za mfumo gani?* Hili wengi hawalijui. Katika mfumo wa Ulaya, waya mwekundu hubandikwa upande wa mkono wa kulia. Katika mfumo wa Marekani, mwekundu ni wa mguu wa kushoto, na wa mkono wa kulia ni mweupe. Hospitali iliyopokea mashine kutoka pande zote mbili inaweza kubandika vibaya na kusoma vibaya. Mchoro wa kila mashine ubandikwe ubavuni mwake.

*Fundi ni nani, na vipuri vinapatikana wapi?* Mashine isiyo na kitabu cha maelekezo wala wakala wa vipuri katika nchi jirani ni afadhali isipokewe, hata kama ni ya bure.

*Mgonjwa akionekana ana tatizo, anapelekwa wapi?* Monita haitibu. Kwa Tanzania, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyoanzishwa mwaka 2015 jijini Dar es Salaam hupokea wagonjwa wa rufaa, lakini aliye mbali anahitaji gari, mafuta na mtu wa kumsindikiza. Haya nayo ni sehemu ya huduma ya moyo.

5. Anayemuuguza mgonjwa afahamu nini?

Katika hospitali zetu ndugu ndiye anayekaa karibu na kitanda kwa saa nyingi zaidi. Badala ya kumwona kama msumbufu, tumfundishe mambo machache siku ya kwanza, kwa lugha anayoielewa:

- Kengele ikilia, mwite muuguzi kwanza. Usiizime mwenyewe.
- Mtazame mgonjwa kabla ya kutazama kioo. Kama haitiki na hapumui vizuri, piga kelele ya kuomba msaada hata kama mashine imenyamaza.
- Usichomoe waya wa mashine ili kuchaji simu.
- Kifaa cha kidoleni kisome kidole chenye joto, kisicho na hina wala rangi ya kucha.
- Namba ya oksijeni isipewe imani yote. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2020 ulionesha kwamba kifaa hicho kilikosa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wagonjwa weupe. Mgonjwa anayehema kwa shida anahitaji daktari, hata kama namba inaonekana nzuri.

6. Na kama hatuna uwezo wa kununua?

Wodi isiyo na monita haijakosa kila kitu. Vidole kwenye kifundo cha mkono, saa yenye mshale wa sekunde, kipimo cha presha na chati inayojazwa kwa wakati vimeokoa wengi. Mara nyingi mwili hutoa dalili saa kadhaa kabla moyo haujasimama: kupumua kwa haraka, mapigo kupanda, presha kushuka, mgonjwa kuanza kuchanganyikiwa. Muuguzi anayepima kila baada ya saa nne na kuandika ataziona. Kamati inayogharimia mafunzo ya siku chache ya kufufua moyo kwa wauguzi wote, pamoja na saa ya ukutani kwa kila wodi, imefanya kazi ya moyo pia, ingawa hakuna cha kupiga picha.

Tulichofanya baadaye

Kamati yetu ilirudi hospitalini, safari hii bila hotuba. Tulikaa na wauguzi mchana mzima. Tulikubaliana mambo manne kwa kufuata orodha ya Julian: vibandiko vya mwaka mmoja, mafunzo ya kufufua moyo kwa wauguzi na wahudumu, yakirudiwa kila mwaka, kitanda cha mgonjwa wa moyo kihamishiwe mbele ya meza ya wauguzi, na uongozi uandike wazi kwamba muuguzi aliyefunzwa anaweza kuanza huduma bila kusubiri daktari. Mashine ya kushtua moyo ilichukua miaka miwili zaidi kupatikana. Gharama ya vibandiko na mafunzo ilikuwa ndogo kuliko tulivyoogopa, lakini ilikuwa ngumu kuchangisha, kwa sababu watu hupenda kuchangia kitu wanachoweza kukishika.

Tulikwenda pia nyumbani kwa yule binti. Tulimweleza kwamba hakuna aliyekuwa amemfundisha kitufe kile ni cha nini, na kwamba jukumu hilo lilikuwa letu. Alisikiliza, akauliza kama sasa wanafundishwa. Tulimjibu kwamba ndiyo.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Ni vifaa gani tulivyowahi kutoa kwa hospitali au kituo cha afya? Mara ya mwisho kuvitembelea ilikuwa lini, na tulivikuta katika hali gani?
2. Kati ya mambo manne ya Julian, ni yapi yapo katika hospitali iliyo karibu nasi? Ni lipi linalokosekana?
3. Tunapoandaa bajeti ya kifaa, ni kiasi gani tunatenga kwa mafunzo, vifaa vya kutumika na matengenezo?
4. Kwa wahisani: je, taarifa tunazoomba zinauliza kama mashine imefika tu, au zinauliza pia kama inatumika, na nani anaitazama usiku?
5. Ni akina nani katika parokia yetu wanaouguza ndugu hospitalini wiki hii? Wamefundishwa nini?

Tunashauri kila kamati ichague swali moja, ilifanyie kazi kabla ya toleo lijalo, na kutuandikia ilichokikuta.